Mama Ajaribu Kuwa Mkwe Mbaya

Mama yangu leo aliamka na nia ya kuwa mkwe mbaya.

Ni ile tamthilia ya Kituruki anayoangalia kila jioni. Humo mama mkwe kazi yake ni kununa.

Basi kaka kamleta mchumba kutoka Hanang.
"Shikamoo mama."
Mama akanuna. Huku Mbulu, shikamoo isiyoitikiwa ni kesi.

Akamtazama juu mpaka chini. "Umefuata mali zetu?"

Mali zetu. Ng'ombe wawili na kuku.

Mara ng'ombe mmoja akalia zizini. Alikuwa anazaa, ndama amekwama.

Mama na mchumba wakatoka mbio, wakashika miguu ya ndama.
"Vuta mwanangu, vuta!"
Kaka? Kasimama mlangoni, kashika pochi ya mchumba.

Ndama akatoka mzima. Mama akamkumbatia yule binti wa Hanang, wamechafuka mpaka viwiko.
Halafu akakumbuka, akanuna upya. "Lakini bado sijakukubali."

"Sawa mama," binti akajibu. "Ngoja ninawe, halafu nitalia kama yule wa kwenye tamthilia."

Kumbe naye anaifuatilia.

Sasa hivi wako sebuleni wanaiangalia pamoja, mimi wifi nimeachiwa vyombo.

Mnaoifuatilia, hebu niambieni: wifi mbaya huwa anaanzia wapi?