Bendi Isiyotembea

Mwaka wa pili wa uhuru, Mwanaima wa Munje aliikodi bendi maarufu ya Mombasa kwa harusi ya bintiye. Kaka yake Alfani, mpiga zumari wa harusi zote kijijini, aliambiwa apumzike.

"Wamekuzwa na redio tu. Wamenizidi nini?"

"Kaka, huo ni wivu. Watu wanawataka wao."

Alasiri ya harusi, bwana harusi alikuwa mlangoni kwao, akingoja kusindikizwa kwa miguu na ngoma. Bendi ilikuwa uani kwa Mwanaima, magita yameunganishwa na jenereta, hayapigiki njiani.

Mwanaima alimjia Alfani mbio. "Kaka, nisitiri."

Alfani akampigia bwana harusi zumari njia nzima. Walipofika, watu wakaikimbilia bendi.

Harusi iliyofuata, bwana harusi aliletwa kwa gari.