Kinyozi na Miwaridi ya Senge Rispa

Mtaa mzima wa Umoja ulimjua Phares Mukhwana kwa jambo moja tu, kunyoa. Kibanda chake kilikuwa upande wa nyuma wa soko la Mutindwa, na vijana walitoka hata Donholm kuja kukalia kiti chake, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na mstari wa paji la uso aliuchora ukatulia. Kwa hiyo senge yake alipofariki na kumwachia nyumba, na mbele ya nyumba miwaridi minne, Phares hakuona pa kuogopea. Alijiambia kukata ni kukata.

Senge Rispa alikuwa dada ya baba yake, karani wa kanjo, baraza la jiji, hadi alipostaafu. Hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyempokea Phares alipotoka Webuye kuja kusoma sekondari. Majirani zake wote walikuwa wamejenga hadi ukingo wa barabara, vyumba juu ya vyumba, lakini yeye aliacha kipande chake cha ardhi kati ya geti na mlango, na hapo ndipo ilipokuwa miwaridi. Miwili ya maua mekundu, mmoja wa pinki, na mmoja wa rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo tu. Phares alipoishi pale akiwa mwanafunzi, kazi yake ilikuwa kuipita mbio bila kuchanika shati.

Baada ya mazishi, yeye na mkewe Whitney walihamia. Kila aliyekuja kuwapa pole alimaliza kwa ushauri uleule: ng'oeni hayo maua, jengeni vyumba mpangishe.

"Tukae kwanza," Whitney alisema. "Nyumba hata haijatuzoea."

Jumamosi ya kwanza Phares alinoa mkasi, akatoka nje akiwa amefunga aproni ya kazini. Alizunguka kila mti akikata ncha zote usawa mmoja, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akapunguza hapa na pale. Alipomaliza, miwaridi yote minne ilikuwa mviringo kama vichwa vya watoto siku ya kufungua shule. Sylvance, fundi wa kuchomelea mageti aliyekuwa mteja wake wa tangu zamani, alipita akasimama.

"Buda, umeipiga denge!"

Phares alicheka, akaona sifa.

Alhamisi iliyofuata geti lilibishwa. Alikuwa mama mtu mzima mwenye buibui, kikapu mkononi. Phares alimkumbuka. Ni Bi Kawsar wa Majengo, Pumwani, rafiki ya senge, ambaye kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Miaka yote, kila Alhamisi, alikuja kuchuma mawaridi, akayachanganya na asumini kwa ajili ya nywele za bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu amrehemu Rispa." Kisha akaona. Alitua kikapu chini. "Maua yangu yako wapi?"

"Nimeyanyoa, mama."

"Umeyanyoa! Kwani yalikuwa na chawa?"

Whitney, aliyekuwa mlangoni, alirudi ndani haraka, na Phares akamsikia akicheka jikoni. Bi Kawsar alizunguka mti mmoja baada ya mwingine, akigonga ulimi kwa masikitiko. Matumba yote yaliyokuwa karibu kufunguka yalikuwa yamekwenda na mkasi.

"Sasa nifanyeje?" Phares aliuliza.

"Mimi najua kuchuma tu, mwanangu. Kutunza alijua mwenyewe. Ila nilimwona, alikuwa anaweza kusimama hapa na kikombe cha chai hadi chai ipoe, anautazama mti mmoja, halafu akate kijiti kimoja aingie ndani."

Maneno hayo yalimkaa Phares. Kwenye kiti chake, kichwa kilichotazamwa bila kuguswa kilikuwa hasara.

Siku chache baadaye alikata tawi, akalifunga kwenye gazeti na kulipeleka kwa Matheka, jamaa anayeuza miche kando ya barabara ya Outer Ring. Matheka alilipokea, akaligeuza.

"Nani amekata hivi?"

"Mimi."

"Wewe kazi yako nini?"

"Kinyozi."

"Ndiyo maana," Matheka alisema, bila ubaya wowote. Alichuchumaa kwenye mche wake mwenyewe akamwonyesha. "Nywele unaangalia juu. Huu unaangalia ndani. Toa kilichokauka, toa matawi yanayosuguana, katikati kubaki wazi kama bakuli, jua liingie. Halafu hapa, unaona hiki kijicho, hapa panapochipuka? Kata juu yake kidogo, mkasi ulale, na kijicho chenyewe kiwe kinatazama nje. Tawi litaenda kule kinakotazama."

"Basi?"

"Basi. Na maji uweke chini, si kichwani. Na samadi ya mbuzi."

Samadi ndiyo iliyomponza. Gunia la samadi lilimshinda kubeba siku ile, na Phares alikuwa amesikia kwenye redio kwamba nywele nazo hurutubisha udongo. Nywele alikuwa nazo. Kila jioni alifagia mafungu na mafungu. Akaanza kuzibeba nyumbani kwenye mfuko, akazifukia kuzunguka mashina, tabaka zuri nene, akamwagilia chini kama alivyoelekezwa. Alijisifu kwamba hakuna kinachopotea.

Lakini majani hayakuchangamka. Yalilegea, mengine yakawa ya manjano. Akaongeza maji, na bado hali ilikuwa ileile. Na kibandani nako kukaanza kupwaya. Wateja aliowazoea aliwaona wakipita upande wa pili wa barabara, vichwa vimenyolewa kwingine. Alidhani ni hali ya uchumi.

Sylvance ndiye aliyekuja kumwambia. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Phares, nywele zangu ziko wapi?"

"Nywele gani?"

"Za mwezi uliopita. Watu wanasema unazipeleka kwako unazizika chini ya maua ya yule mama aliyekufa. Mathe yangu amenikataza kabisa kukaa hapa."

Phares aling'amua jinsi jambo lenyewe lilivyosikika kama uchawi, akaona aibu. Hakubishana. Alifunga kibanda mchana ule ule, akamwambia Sylvance amfuate.

Walipofika alichukua jembe, akafukua mbele yake. Nywele zilitoka kama kipande cha zulia, zimeshikana, hazijaoza hata kidogo. Sylvance alirudi nyuma hatua moja. Kisha akainama, maana yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Hebu cheki. Huku chini kumekauka."

Phares aliingiza vidole. Kweli. Juu nywele zilikuwa zinatiririsha maji ya umwagiliaji, zinayapeleka pembeni hadi kwenye mfereji, na udongo uliozunguka mizizi ulikuwa mkavu kama unga. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaosha nywele za wateja wake mara ya pili, na miwaridi inakufa kwa kiu.

Alianza kucheka akiwa amepiga magoti, na Sylvance naye, aliyekuwa amekuja na hasira, akashindwa kujizuia.

"Ungengoja hadi wiki ijayo," Phares alisema, "ningezika na maua yenyewe."

"Sawa, si uchawi. Lakini zichomwe zote nikiona."

Wakazichoma kwenye karai kuukuu kando ya geti. Harufu yake ilifunga madirisha ya mtaa mzima. Watu walitoka kuuliza kuna nini, Sylvance akawaeleza kwa sauti na kwa mikono, akiongeza chumvi, na kabla ya jioni habari ilikuwa imefika sokoni kwamba kinyozi hana uganga wowote, ni mshamba wa maua tu. Wiki hiyo kiti chake kilianza kujaa tena, na wateja walimtania huku anawanyoa. Alikubali utani wote. Safari hii alikodi mkokoteni, akaleta samadi ya mbuzi.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Phares alikuwa ameshazoea kutoka na kikombe chake asubuhi. Siku nyingine hakukata chochote. Alitafuta vijicho vinavyotazama nje, akavipata kabla chai haijapoa. Wadudu wa kijani walipovamia machipukizi, Whitney alichanganya maji na sabuni ya kufulia, wakayaosha pamoja jani kwa jani, wakigombana kidogo kuhusu nani amemaliza upande wake.

Waridi la kwanza kufunguka lilikuwa la rangi ya maziwa. Phares alilitazama hadi akachelewa kazini. Alhamisi moja Bi Kawsar alikuta mti wa pinki umelemewa. Alichuma nusu ya kikapu, akanusa, akafumba macho.

"Haya si kama ya Rispa," alisema.

Phares akanyong'onyea. "Yana kasoro gani?"

"Kasoro hayana. Ya Rispa yalikuwa ya Rispa. Haya ni yako. Wiki ijayo nina harusi mbili, usimuuzie mtu mwingine."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Phares alikuwa ameketi kizingitini, kidole gumba kimechomwa na mwiba uliozama. Whitney aliketi kando yake na pini, akauvuta mkono wake juani ili aone vizuri.

"Tulia. Unanyoa watu wazima unalia kwa mwiba?"

"Silii."

"Usitingishike basi."

Kutoka kwa jirani kulikuwa na harufu ya chapati. Mwiba ulitoka, mdogo kuliko walivyodhani. Whitney aliufuta kwenye kanga yake, lakini mkono wa mumewe hakuuachia, na Phares naye hakuwa na haraka ya kuuchukua.