Mashine Iliyouliza Baba Yangu Ni Mnyama Gani

Mashine yetu ya skani ilikuwa na tabia moja: kabla haijakuonyesha chochote, ilitaka kwanza iambiwe ni mnyama gani. Ilikuwa imetengenezewa madaktari wa mifugo, nami niliitumia katika maabara ya chuo kimoja hapa Kitale kutazama kiwambo cha sungura, yaani ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, unaofanya kazi kubwa mtu au mnyama anapovuta pumzi. Nilitaka kujua msuli huo hudhoofika vipi sungura anapozeeka. Unamnyoa sungura ubavuni, unampaka jeli ya baridi, unamgusisha kifaa chini ya mbavu, na kwenye skrini unaona mistari miwili myeupe yenye utepe mweusi katikati. Akivuta pumzi, utepe unanenepa. Akiitoa, unakonda. Kwa kazi hiyo nilitarajia kupata shahada, na watu wa kwetu Kamukuywa waliniita daktari wa sungura, wala hawakuwa wakinisifu.

Sasa baba yangu alikuwa ameanza kulala kitini. Shangazi ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Alisema baba akilala chali anaamka akihema kama aliyefukuzwa na nyuki, na ule wimbo wa kanisa aliokuwa akiuimba kila alfajiri kuamsha boma zima, siku hizi hafiki hata kiitikio. Baba mwenyewe alisema ni vumbi la mahindi. Hospitali hakutaka kuisikia. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba methali hiyo ilitungwa na wauza dawa.

Niliogopa, na mimi nikiogopa hupandisha sauti. Nilimfokea kwenye simu hadi sungura wakajikunyata vizimbani. Mtu akikosa pumzi kwa sababu tu amelala, jambo la kwanza ninalolifikiria mimi ni kiwambo, maana ndicho ninachokitazama kutwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema atakuja, ila si hospitali. Atakuja kwenye mashine yangu.

"Sungula wako hakuna mwenye ashawahi ambiwa ako na ugonjwa," alisema. "Hiyo mashini iko na heshima."

Nilimweleza kwamba mimi si daktari wa watu, na kwamba nikiona kitu kibaya safari ni moja tu, hospitali. Alisema sawa, kwa ile sauti ya mtu anayemwambia mtoto sawa.

Alifika amevaa koti la kanisani na tai, jogoo mwekundu kwapani, maana mzazi haendi kwa mtoto wake mikono mitupu. Mama anayetunza sungura wetu alimpokea jogoo, akamfunga mguu kwenye meza ya darubini. Baba alisalimia sungura wote, kizimba baada ya kizimba. Nilipomwambia akae nimpime, alikataa katakata. Kulikuwa na sungura mzee aliyeshanyolewa anangoja, na baba yangu hajawahi kuruka foleni maishani mwake. Basi tukampima sungura kwanza, baba amesimama nyuma yake na shati mkononi.

Zamu yake ilipofika, mashine ikauliza: paka, mbwa, sungura, farasi, ng'ombe au ndege? Nilitaka kubonyeza mbwa, kwa sababu kina cha picha kingefaa.

"Ati mbwa?" baba akasema. "Mimi na wajukuu wangu wote?"

"Papa, ni mashine tu. Haijui."

"Weka ng'ombe. Na kama kuna mahali pa kuandika dume, andika."

Nikaweka ng'ombe. Hakuweza kulala chali, kwa hivyo nilimpima ameketi, upande wa kulia kisha wa kushoto. Kwenye kona ya skrini paliandikwa NG'OMBE, na chini yake palikuwa na utepe mwembamba kama uzi. Nilimwambia avute pumzi. Mabega yakapanda, shingo ikakazana, utepe ukabaki vilevile. Nikamwambia avute tena. Nilibadilisha upande, nikaongeza jeli, nikageuza kifaa, nikitafuta kosa langu mwenyewe kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa sungura yeyote.

"Ng'ombe anaendelea aje?" baba akauliza.

"Papa, huu msuli hausogei."

Akataka kuona unaosogea. Nikamwonyesha wa sungura mzee, ukipanda na kushuka vizuri. Hilo lilimuudhi. Akaangaza macho chumba kizima, yakatua kwa jogoo.

"Pima na huyo."

Hapo ningesema tumechoka. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hufanya anachoambiwa. Tukamshika jogoo, tukapangua manyoya, tukaweka ndege. Nikamwambia baba ukweli, ambao ulikuwa upumbavu wangu mkubwa wa siku hiyo: ndege hana kiwambo kama chetu. Hakuna cha kuonyesha.

Baba aliangua kicheko mpaka akakohoa. "Kwa hivyo jogoo hana, na ndio anaamsha kijiji mzima?"

"Ndege ana vifuko vya hewa, Papa. Ni maumbile tofauti."

"Basi na mimi niko na vifuko," akasema, akavaa shati.

Mama wa sungura alijaribu kunisaidia. "Lakini mzee, si jogoo halali kwa kiti, bana."

"Halali kwa kitanda pia," baba akamjibu.

Tulikwenda kwangu jogoo akiwa kwapani mwa baba, wakili na mteja wake. Nilitaka kumchinja tule, akanikataza. Ati shahidi hachinjwi kesi ikiendelea. Nilimkumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Akasema vizuri, mgeni ni yeye, kwa hivyo anayepaswa kupona ni mimi. Nilimwachia kitanda, naye akachagua kiti. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumtakia hata usiku mwema, na hasira yenyewe ilikuwa ni woga mtupu.

Alfajiri jogoo aliwika chini ya sinki. Baba, akiwa bado kitini na koti lake, akaona hapana, hawezi kuamshwa na kuku aliyemleta mwenyewe. Akaanza wimbo wake. Mstari wa kwanza alifika. Wa pili ulimkatikia katikati, akabaki mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Jogoo akawika tena, sauti safi, ndefu, bila kiwambo. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mchinje," akasema.

Nilimpika kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Bibi yangu mzaa baba hakuwahi hata kuonja nyama ya kuku, maana zamani wanawake walikatazwa, na mimi nimekula ya kila namna isipokuwa hicho kipande, maana nikiwa nyumbani ni cha baba, na nikiwa peke yangu naona haya kujipa cheo hicho. Nilimwekea baba kwenye sahani yake, kama kawaida. Alikitazama, akakichukua kwa vidole, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mayi," akasema. Mayi ni mama. Nimerithi jina la mama yake, na huniita hivyo akiwa ameshindwa. "Hii ni nyumba yako. Sema tunaenda wapi."

Nilikula. Ilikuwa ngumu, na nililia nikiitafuna, naye akajifanya anatafuta chumvi. Kisha nikamwambia tunakwenda hospitali, sasa hivi, kabla sahani hazijaoshwa. Aliinuka bila ubishi, akafunga tai. Mlangoni akanishika mkono.

"Huko hospitari," akasema, "waambie waandike mtu."