Rezista Iliyomnyamazisha Mama Kalekye

Nakumbuka Jumapili moja kanisani kwetu Kanyangi, mwanangu, na hata leo mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikijifunza ufundi wa redio pale Emali kwa Mzee Mutiso, na nilijiona nimemaliza kujua.

Kanisa hilo lilikuwa limetuletea kinanda chake cha umeme, kikiwa hakitoi sauti. Ndani ya kinanda kama kile kuna sakiti inayotetemesha umeme, na sauti zote hutoka kwenye mtetemo huo mmoja. Rezista, kile kipande kidogo kinachozuia umeme, ndiyo huamua mtetemo uende mbio kiasi gani. Ukiweka yenye kipimo kidogo, mtetemo unakimbia na sauti inapanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeungua. Ilitakiwa ya omu elfu kumi, yaani kipimo cha kuzuia umeme. Kwenye kopo letu la vipuri nikapata ya elfu nane na kidogo, nikajiambia ni zilezile tu, nikaichomea. Nikabonyeza vibao, vyote vikapatana. Vilipatana kwa sababu vilipanda pamoja, lakini mimi hilo sikulifikiria.

Jumapili ikafika. Mama Kalekye, aliyeongoza kwaya tangu mimi sijazaliwa, akaanza wimbo akifuata kinanda. Alipofika pale wimbo unapopanda juu, sauti ikapasuka. Akajaribu tena, ikapasuka. Watu wakainamisha macho. Akampa mwenzake kitabu cha nyimbo, akasema polepole, "Nafikiri sasa nimezeeka." Nami, mwanangu, nikamwonea huruma. Niliamini kabisa kwamba amezeeka.

Wiki tatu baadaye Mzee Mutiso, aliposikia habari hiyo, alienda kanisani na kinanda chake kidogo cha betri, nikiwa naye. Akabonyeza kibao kwenye kile cha kanisa, kisha kibao kilekile kwenye chake. Nilipigwa na butwaa. Sauti zilikuwa mbili, mbalimbali kabisa, ile ya kanisa ikiwa juu zaidi.

"Uliweka ngapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia ni ya elfu nane na kidogo, na kwamba ilikuwa karibu na ile iliyotakiwa.

"Sasa enda umwambie Kalekye ilikuwa karibu."

Nilimkuta akipepeta ndengu. Nilipomaliza kueleza, ungo ulisimama mikononi mwake.

"Kwa hivyo halikuwa koo langu?" akauliza. "Wiki tatu, Mwende, sijaimba hata nikiwa jikoni."

Nilitamani ardhi inimeze.

Rezista tuliibadilisha siku hiyohiyo, na akarudi kuongoza kwaya. Lakini kila alipokaribia pale juu alisita kidogo, yeye ambaye hakuwahi kusita, na kusita huko hakukumtoka hadi tulipomzika. Jambo hilo hunishtua mpaka leo.

Basi wewe unayefungua simu na redio za watu, nisikilize. Usiweke kipuri kwa sababu kinakaribia kile kinachotakiwa. Pima, na ukishatengeneza, linganisha na chombo kingine kizima kabla hujamrudishia mwenyewe. Na ukiona mtu ameshindwa mahali ulipopitisha mkono wako, kagua kwanza kazi yako kabla hujamhurumia. Mungu akupe mkono mtulivu na sikio la kweli, mwanangu, na asiwepo mtu wa kukuuliza alichoniuliza Mama Kalekye.