Siku Ng'ombe wa Ukutani Waliponitumbukiza Birikani

Leo nacheka, lakini siku hiyo ningepata shimo ningeingia nijifunike na mchanga. Tena ilikuwa siku ya soko la ng'ombe Kajiado, kwa hivyo walionishuhudia ni watu wa kila upande pamoja na mifugo yao.

Mimi ni mwalimu wa sanaa Kitengela (mtu wa Bungoma, ng'ombe nawajua zaidi kwenye sahani), na nilikuwa nimechoka kufundisha kidato cha tatu kuchora umbali kwa kutumia kiboksi cha kiberiti. Nikaomba tupewe ukuta wa ofisi ya soko tuchore picha ya ng'ombe wakirudi nyumbani, wa mbele mkubwa, wengine wakipungua hadi nukta moja kule mbali ambako mistari yote inakutana. Mwenyekiti wa soko, Mzee Parsaloi, akakubali, ila wazee wasipoipenda, ukuta utapakwa chokaa siku hiyo hiyo.

Sasa kosa langu. Picha ya namna hiyo lazima uchague mtazamaji atasimama wapi, na mimi nikachagua kando ya tangi la maji, ng'ambo ya uwanja, kwa sababu gani? Kwa sababu hapo palikuwa na kivuli! Wiki mbili nzima nilikaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea ng'ombe lililo hapo, likiwa kavu kabisa, nikipiga kelele, "Shusha uzi! Inua pembe!" huku wanafunzi wakipanda na kushuka ngazi na uzi wa kunyooshea mistari.

Siku ya kuonyesha, wazee walikaa wapi? Mlangoni, viti vimebanana na ukuta. Ukiwa hapo, ng'ombe wa mbele alikuwa amevutika kama mjusi.

"Mwalimu," Mzee Parsaloi akasema, "huyu ni mgonjwa. Na hawa wa nyuma, mbona ng'ombe mzima ni mdogo kuliko mbwa?"

Wazee wakaguna. Nikamwona mtu wa chokaa akikoroga ndoo yake (naapa alikuwa anatabasamu), na wanafunzi wangu kumi na wawili wakiikodolea macho ndoo hiyo. Roho iliniuma kwa ajili yao. Nikaanza kumbembeleza mzee asogee mbali na ukuta, yeye ananifuata, mimi natembea kinyumenyume, mikono hewani, "Kidogo tu mzee, bado hatua moja," nikieleza habari ya jicho na mistari hadi mimi mwenyewe nikapotea, na nikasahau kwamba siku ya soko birika hujazwa.

Niliingia mzima mzima, tai na yote. Fahali aliyekuwa anakunywa hakusogea hata kidogo. Soko zima likaangua kicheko, wanafunzi wangu wakiwa wa kwanza.

Naserian, msichana ambaye darasani hajawahi kuinua mkono, akaja mbio. Nikanyoosha mkono anivute. Akanipita! Akainamisha kichwa mbele ya mzee kumsalimu Kimaasai, mzee akamgusa utosini.

"Babu, jioni ukisimama kwa lango ukiangalia kama ng'ombe wote wamerudi, yule wa mwisho, huko mbali, unamuona aje?"

"Mdogo."

"Ni ndama?"

"Ndama gani? Ni ng'ombe mkubwa, hajafika tu."

"Sasa geuka, babu."

Mzee akageuka. Alikuwa amesimama pale pale kando ya tangi, kwenye kivuli nilichokichagua. Akatazama, akatazama tena, kisha akapiga mluzi, ule wa kuharakisha ng'ombe anayechelewa, akiuelekeza ukutani. Wazee wakaacha viti mmoja mmoja wakaja kusimama alipo, na mtu wa chokaa akafunika ndoo yake. Nilikuwa bado ndani ya maji, nalia kwa furaha, na kwa vile nilikuwa nimelowa hakuna aliyejua.

Tulipewa kuta tatu zilizobaki. Sasa kabla ya kuchora hata mstari mmoja, nauliza watu watakaa wapi, na sirudi nyuma bila kugeuza shingo. Wanafunzi hawaniamini. Ukifika pale sokoni utaona, hatua moja kabla ya birika, wamechora chini nyayo mbili nyekundu za kuonyesha pa kusimama. Walizipima kwa viatu vyangu.