Bwana Brashi Awaogesha Bakteria

Pale kwenye mtambo wa kusafisha majitaka walimwita Bwana Brashi, naye alilipokea jina hilo kama sifa, asijue wanamcheka. Mtu wa majitaka asiyevumilia utelezi, hapo kuna kazi kweli. Viatu vyake vilimeta, meza yake ilinukia sabuni, na mkewe alishampiga marufuku kugusa sufuria, maana alizisugua hadi zikatoboka.

Mwaka huo alikabidhiwa tangi dogo la majaribio. Humo alijaza punje za jeli, kubwa kama dengu, alizozitengeneza mwenyewe, na ndani ya punje kulikuwa na bakteria walionaswa ili maji yasiwasombe. Kazi yao ilikuwa kula amonia, naitrojeni yake ipotelee hewani kabla maji hayajaingia mtoni. Aliwapenda kama watoto wake wa kuzaa. Mkuu wa mtambo hakuwaamini hata chembe.

"Hilo ni chujio tu," alisema. "Kesho nakuja kuona vipimo. Nisiporidhika, tangi linang'olewa."

Brashi akachungulia tangini. Punje zilikuwa zimegeuka kahawia na kuota ute. Bosi aje aone uchafu huu? Akaziopoa zote, akaziloweka kwenye klorini, akazisuuza, akazirudisha zikiwa nyeupe pe. Akaenda kulala roho yake imetulia, masikini.

Asubuhi mkuu alizisifia punje kwa weupe. Kisha dada wa maabara akapima maji. Yalitoka na amonia ileile yaliyoingia nayo.

"Jana yalitoka safi," dada alisema, macho kwa Brashi. "Umezifanya nini?"

Brashi akaitazama pampu. Angeweza kuisingizia pampu, pampu haina mdomo. Lakini tangi lingeng'olewa, na marehemu wake wangezikwa na jina baya.

"Niliziogesha kwa klorini, bosi," akasema. "Nimewaua wote mimi mwenyewe. Wao hawana kosa."

Mkuu akakuna kidevu. "Punje ni zilezile za jana?"

"Zilezile."

"Na tangi ni lilelile?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi si chujio. Lingekuwa chujio, lingechuja hata leo." Akamgeukia dada wa maabara. "Tangi libaki. Atengeneze punje nyingine, na klorini ifungiwe."

Brashi akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga. Mwaka mzima alihangaika kuwathibitishia watu kwamba bakteria wake wako hai, na hakuna aliyemsadiki mpaka alipowaua.