Taa Iliyozimika Kabla ya Amina

"Nyumba yangu ina akili kuliko nusu yenu mliosimama hapa."

Lemomo aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku ya mnada wa mavuno nje ya kanisa, mkononi ameshika jogoo aliyemnunua kwa bei ya mbuzi. Watu walicheka. Mimi nilijijua niko nusu ipi, sikucheka.

Lemomo ni fundi wa sola, tumekua naye hapa Sekei tukila mapera ya wizi. Ana kichwa kikubwa, na kwa bahati mbaya kimejaa. Nyumba yake haina swichi hata moja. Taa zinawaka ukiingia. Zikiona umetulia tuli zinajizima, eti umeme usipotee bure. Maji ya mvua yanaingia kwenye simtanki, na udongo ukikauka migomba inajimwagilia yenyewe. Samadi ya ng'ombe wake wawili inapika chai. Mimi diploma ya umeme iliishia njiani. Kwetu kinachojizima chenyewe ni umeme wa Luku, salio likiisha.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni Namnyaki. Mwaka mzima nimemsindikiza kutoka kwaya, hadi mwavuli wake nimeubeba mimi, halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba Lemomo anataka kumwoa na jibu liko kwa baba yake. Na baba yake, Mzee Yiamat, haozeshi binti kabla hajaona mji wa mkwe.

Basi Jumapili jioni mzee akaja kwa Lemomo na ndugu zake, fimbo mkononi. Mimi niliitwa kubeba makreti ya soda. Taa zikawaka zenyewe mlangoni, wazee wakatazamana. Mzee akaonyeshwa migomba, akaonyeshwa jiko la gesi ya samadi, akawa anaitikia kwa kichwa. Kila akiitikia, mimi napungua kilo.

Chakula kikaja, mzee akasimama kukiombea. Waliosali naye wanajua: yeye anaanzia uumbaji. Tukafumba macho tukaganda, maana mbele ya wazee wale anayejikuna kwenye sala hana malezi. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa Nuhu, taa zikazimika.

Mzee akanyamaza. Kisha akamalizia gizani, taratibu, hadi Amina. Lemomo akapunga mikono kama mwalimu wa kwaya, mwanga ukarudi.

"Kijana, nyumba yako imenikatisha?"

"Hapana, baba. Ilidhani hakuna mtu."

"Sote hapa tunamwomba Mungu, yenyewe inaona hakuna mtu."

Mimi nilishaanza kuuona ule mwavuli ukirudi mkononi. Nikachomekea, kwa heshima zote, kwamba mashine hazijafundwa, na binti wa watu atakuja kuzimiwa taa hata akiwa na mgonjwa.

Mzee akanitazama, akalitazama jiko. Akasema mkewe anakohoa moshi tangu alipomwoa, na binti yake hatakohoa. Namnyaki atakuja hapa.

"Ila weka kitu ukutani," akamwambia Lemomo, "mtu azime mwenyewe akishamaliza kuomba." Halafu akanigeukia. "Na wewe wa soda, nasikia ulisomea umeme. Kesho ukamnunulie."

Nilikwenda. Swichi ya ukutani, madukani Levolosi, ni shilingi elfu mbili na mia tano.